Mbwa Mchanga Atafunaye Vitu, na Namna ya Kumfundisha

Katika vitabu hivi mmezoea kusoma habari za muhogo, maharagwe, kahawa na mbuzi. Leo habari ni ya mbwa. Msicheke. Mbwa naye ni mfanyakazi wa shamba.

Tangu dhahabu ilipoonekana huku Kilo mwaka wa 1903, mashamba yetu yamelisha watu wa machimbo. Wachimbaji hawali dhahabu. Wanakula muhogo, mahindi, maharagwe na ndizi. Na kila gunia lililofika sokoni lilipona kwanza mikononi mwa nyani na puani mwa nguruwe wa pori. Ni nani aliyeliponya? Mara nyingi ni mtoto aliyekaa kibandani siku nzima akipiga kelele na kutupa mawe, asiende shuleni. Au ni mbwa. Mbwa mwema mmoja, anayekaa shambani pamoja na mtu mzima, anaweza kumfungulia mtoto yule njia ya shule. Kwa hiyo nasema mbwa ni mali.

Lakini angalieni mambo yanavyokwenda katika vijiji vyetu. Mtu anapewa kijibwa na shemeji yake, au anakinunua sokoni. Mwezi wa kwanza watu wote wa nyumba wanampenda. Kisha kijibwa anaanza. Leo anatafuna kiatu. Kesho anatafuna kikapu, halafu kamba ya mbuzi, halafu mpini wa jembe, halafu daftari la mtoto wa shule. Anaiba samaki jikoni. Anafukua miche. Anamrukia mgeni aliyevaa nguo nyeupe. Mama analia, baba anashika fimbo, jirani anaweka sumu. Mbwa akifika mwezi wa sita, amekwisha kufa au amefukuzwa barabarani. Mwaka unaofuata baba anatafuta kijibwa mwingine, na mambo yanaanza tena vilevile.

Hasara hii ni kubwa kuliko mnavyodhani, maana mtu yule amemlisha mbwa wake miezi minne, akamwua wiki chache tu kabla ya ukali wa kutafuna kupungua. Nitaeleza sababu yake.

Fungua mdomo wake

Mshike kijibwa chako leo, umtulize, ufunue midomo yake taratibu. Utaona nini? Akiwa na umri wa miezi miwili, utaona meno madogo makali kama sindano. Hayo ni meno ya utoto, nayo ni 28. Yalianza kutoka alipokuwa na wiki tatu hivi. Karibu na mwezi wa nne meno hayo yanaanza kulegea. Kwanza yanaanguka yale madogo ya mbele, kisha yale mengine. Mahali pao yanatoka meno ya ukubwa, nayo ni 42. Kazi hiyo inakwisha mbwa akiwa na miezi sita au saba.

Mama, wewe unajua mambo haya. Mtoto wako alipoota meno, fizi zilimwasha, mate yalimtoka, akaweka kila kitu mdomoni: kidole chako, kijiko, nguo. Ulimpiga fimbo? Hukumpiga. Kijibwa naye fizi zinamwuma vilevile, wala hana mikono ya kujisugulia. Akiguguna kitu kigumu anapata nafuu. Usishangae ukiona damu kidogo juu ya kitu alichotafuna, wala usihangaike akimeza jino. Lakini ukiona chonge mpya imetoka ubavuni mwa chonge ya zamani, na ile ya zamani haikuanguka, mwonyeshe mganga wa wanyama, maana meno mawili mahali pamoja huharibu mdomo.

Basi mkihesabu miezi mtaona: mwezi wa nne, wa tano na wa sita ndiyo miezi ya taabu. Hiyo ndiyo miezi ambayo watu wengi huwaua mbwa wao.

Meno siyo sababu peke yake. Iko njaa. Katika vijiji vilivyo karibu na machimbo kila kitu huuzwa, hata maganda, na mbwa anaambiwa ajitafutie. Kijibwa mwenye njaa atakula ngozi, sabuni, na kamba iliyonukia mafuta ya mawese. Ale mara tatu kwa siku mpaka miezi minne, kisha mara mbili. Ugali peke yake haumtoshi. Umchanganyie maharagwe yaliyopikwa vizuri, au samaki wadogo wakavu, au mabaki ya nyama. Usimtilie vitunguu, maana vinaharibu damu ya mbwa. Usimpe muhogo mchungu mbichi wala maganda yake. Tena magunzi ya mahindi yatupe mbali: mbwa hulimeza gunzi kwa sababu limenukia chakula, nalo hukwama katika matumbo yake, akafa.

Pamoja na njaa iko minyoo. Tumbo lililovimba, manyoya yasiyong'aa, na mbwa anayekula sana asinenepe: hizo ndizo dalili. Watoto wa mbwa hupata minyoo kwa mama yao, wengine tangu tumboni. Dawa iko kwa mganga wa wanyama. Yeye atakuambia kiasi kwa uzito wa mbwa, usikisie. Na watoto wako wanawe mikono baada ya kucheza na kijibwa, kwa kuwa mayai ya minyoo ile huweza kumdhuru mtu pia.

Kisha uko uvivu, nao ni sababu ambayo watu hawaifikiri. Mnawajua mbwa wadogo wa msitu wa Ituri, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, wasiobweka kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua mbwa yuko wapi katika majani. Wazungu waliwapenda sana. Wawili walionyeshwa London mwaka wa 1895, lakini walikufa upesi kwa ugonjwa. Mwaka wa 1937 wengine walionyeshwa kule, na safari hii uzao wao ukabaki. Wakaitwa Basenji, yaani watu wa pori. Jina si la heshima, lakini mbwa mwenyewe hana habari. Basi mbwa hawa, ambao kwetu hulala kimya kando ya moto baada ya kuwinda, huko Ulaya wamejulikana kuwa waharibifu hodari. Wakiachwa peke yao ndani ya nyumba wanapasua viti na magodoro. Mbwa ni yuleyule. Kilichopungua ni kazi. Hata kijibwa wako, ukimfunga toka asubuhi mpaka jioni nyuma ya nyumba, usitazamie akae bure. Atajitafutia kazi, nayo haitakupendeza.

Mpe kitu chake

Basi tufanyeje? Kwanza inua vitu vyako. Viatu, vikapu, ngozi, madaftari, kamba: vitundike ukutani au uviweke darini kwa miezi mitatu hiyo. Watu wengine wanachukia neno hili. Wanasema, "Je, nimtii mbwa nyumbani mwangu?" Humtii. Unamzuia asizoee. Kila siku mbwa anayotafuna kiatu ni siku ya kujifunza kwamba kiatu ni kitamu.

Pili, mpe kitu chake mwenyewe cha kutafuna. Mfupa mkubwa wa ng'ombe ulio mbichi unafaa, ulio mkubwa kiasi asiweze kuumeza. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Kama huna mfupa, chukua gunia kuukuu, ulikunje, ulifunge mafundo matatu makubwa, ulitie katika maji baridi ya kijito. Baridi hutuliza fizi. Kipande cha mti mgumu usiopasuka kinafaa pia. Mchunguze: fundo likianza kulegea na nyuzi kutoka, litupe ufunge lingine, asimeze nyuzi.

Lakini usimpe kiatu kikuukuu. Wengi hufanya hivyo, wakidhani wana akili. Mbwa hajui tofauti ya kiatu kilichotoboka na kiatu kipya cha Jumapili. Vyote vina harufu ya mguu wako. Ukimpa kimoja umempa vyote.

Ukimkuta na kitu chako mdomoni, usimkimbize. Mtu mzima anayemkimbiza kijibwa kuzunguka nyumba, huku watoto wanacheka, anamfundisha mchezo mtamu kuliko michezo yote, na kesho mbwa ataiba tena ili mchezo uanze. Simama. Sema neno moja tu, "Acha." Mwonyeshe kipande cha samaki mkavu. Atakapofungua mdomo, chukua kitu chako, mpe samaki, kisha mpe fundo lake la gunia. Fanya hivyo siku nyingi. Mwisho wake utasema "Acha" bila samaki naye ataacha. Neno liwe moja kwa nyumba nzima. Baba akisema "Acha", mama akisema "Toka", na mtoto akisema "Wee!", mbwa ana haki ya kutosikia.

Hata jina lake liwe fupi. Najua watu wengine humpa mbwa jina refu la kumsema jirani kwa mafumbo, ili wakimwita mbwa jirani asikie. Huo ni ugomvi wa watu. Mbwa hafaidiki nao. Silabi mbili zinatosha.

Wakati usipoweza kumwangalia, mfunge. Utasema, "Anatafuna kamba." Ndiyo, kwa sababu kamba inafika mdomoni. Kata mwanzi wenye urefu wa mkono, utoboe vifundo vyake, upitishe kamba ndani. Mwisho mmoja ufunge ukanda wa shingo, mwisho wa pili ufunge mtini. Hapo mdomo hukutana na mwanzi, si na kamba. Ukanda wa shingo uweze kuingiza vidole viwili, na uulegeze kila wiki, maana kijibwa anakua upesi. Nimeona mbwa ambao kamba imewaingia shingoni mpaka nyama imeifunika. Mahali pa kumfungia pawe na kivuli na maji, karibu na watu. Wala usimfunge siku nzima. Saa mbili zatosha, kisha mfungue umtembeze.

Habari ya fimbo

Hapa nitasema kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo watu wanaponibishia.

Mbwa hufungamanisha jambo na jambo linalolifuata papo hapo. Likipita, limepita. Tuseme asubuhi mbwa ametafuna kandambili. Wewe unarudi kutoka shambani saa sita mchana, unaona vipande, unamwita. Anakuja akitikisa mkia. Unampiga. Je, amejifunza nini? Kutafuna kulikwisha asubuhi. Kitu cha mwisho alichofanya ni kuja ulipomwita. Basi amejifunza kwamba kuja ukiitwa kunaleta maumivu. Kesho anasimama katikati ya barabara, gari linakuja kutoka Bunia, unamwita, naye anakukimbia.

Watu hunijibu hivi: "Lakini mbwa wangu anajua kosa lake. Nikiingia tu anainamisha kichwa, anaficha mkia, anatazama pembeni." Kweli, anafanya hivyo. Lakini anaogopa uso wako na sauti yako, hafikiri habari ya kiatu. Jambo hili limejaribiwa. Mwaka wa 2009 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko New York, Alexandra Horowitz, alitoa habari ya jaribio lake. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kipande cha chakula, kisha akatoka. Aliporudi aliambiwa kwamba mbwa amekula, au kwamba hakula. Na mara nyingine aliambiwa uwongo. Ikaonekana kwamba mbwa waliinama na kujificha kwa kuwa walikaripiwa, wawe wamekula au hawakula. Ule uso tunaouita uso wa mkosaji haukuwa ushahidi wa kosa. Mzee wa baraza hamhukumu mtu kwa sababu anatetemeka. Na mbwa je?

Tena iko desturi ya yai la moto. Mbwa akila mayai, mtu huchemsha yai, akalitia mdomoni mwake likiwa moto bado, akakibana kinywa. Wengine humfunga kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze. Wengine humtia pilipili puani. Mambo haya ni mateso, wala hayafundishi. Mbwa aliyeunguzwa mdomo haogopi yai la kiotani, kwa kuwa yai la kiotani ni baridi. Anaogopa mkono wa mtu. Na mbwa anayeogopa mikono ndiye atakayemwuma mtoto anayemkaribia kwa upole.

Pilipili ina kazi moja njema. Saga pilipili, uchanganye na maji, upake mpini wa jembe au mguu wa kiti. Mbwa wengi wataonja mara moja waache. Lakini wako wanaoizoea, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Jikoni, kuku na mayai

Mwizi wa jikoni hufundishwa na sufuria iliyoachwa wazi. Mbwa aliyefaulu mara moja atajaribu mara kumi. Weka kifuniko na jiwe juu yake, weka samaki juu. Mbwa alishwe chakula chake mahali pake, nje, katika chombo chake, baada ya watu kula. Mtu yeyote asimtupie tonge wakati wa kula. Najua ni nani anayetupa: ni babu, naye hasikii. Mwambieni kwa adabu kwamba chakula anachotaka kumpa mbwa akitie katika chombo cha mbwa.

Kwa kuku, anza kijibwa akiwa na miezi miwili. Mshike kwa kamba, ukae naye karibu na kuku wanaodonoa. Akiwatazama kwa utulivu, mpe kitu kidogo cha kula. Akiruka, ondoka naye hatua kumi bila kelele, kisha urudi. Robo saa kila siku kwa wiki kadhaa. Na kuku mwenye vifaranga atakusaidia kazi, maana yeye hufundisha kwa mdomo wake, tena papo hapo. Viota viinuliwe kwa vikapu vilivyotundikwa juu ya kimo cha mbwa, na mayai yaokotwe asubuhi na jioni.

Uchafu ndani ya nyumba

Kijibwa hawezi kujizuia muda mrefu. Ataenda haja mara akiamka, mara akiisha kula, na mara akiisha kucheza. Basi kila wakati huo mchukue mwenyewe mpaka mahali pamoja nyuma ya nyumba, ungoje, akimaliza msifu. Usimpake pua katika uchafu. Atajifunza kujificha tu, utaukuta nyuma ya kitanda. Kama nyumba ina sakafu ya udongo, ukwangue udongo uliolowa, uutupe, uweke udongo mpya na majivu, ushindilie. Ukiacha harufu, mbwa atarudi pale pale, kwa kuwa pua yake ndiyo inayomwambia choo kiko wapi.

Miche na vitalu

Mbwa hufukua kitalu kwa sababu udongo uliolimwa ni laini na baridi, na mara nyingine kwa sababu mtu amezika humo matumbo ya samaki ili yawe mbolea. Usizike. Tia mbolea iliyooza kabisa. Zungusha fito au miiba mpaka miche ishike, na umpe mbwa kivuli chake mwenyewe.

Kurukia watu, na kuuma kwa mchezo

Kijibwa humrukia mtu kwa kutaka kufika usoni pake, kama alivyofanya kwa mama yake. Ukimsukuma kwa mikono unacheza naye. Geuka, umpe mgongo, usiseme neno. Miguu yake minne ikigusa chini, ndipo umsalimu. Wageni wafanye vilevile.

Kuuma mikono kwa mchezo kuna sababu moja tunayoweza kuizuia tangu mwanzo. Watoto wa mbwa wakichezeana, anayeumwa sana hulia na kuacha mchezo. Hivyo kila mmoja hujifunza kupunguza nguvu ya meno. Sokoni huuzwa vijibwa vya wiki nne au tano, ambao hawajamaliza shule hiyo. Usinunue mbwa chini ya wiki saba. Wiki nane ni bora. Kama umekwisha kununua, basi akikuuma, nyamaza, ondoa mkono, mwache peke yake kitambo kidogo. Watoto wasimchokoze kwa nyama wala kwa mkia, wasimguse akila wala akilala.

Lakini iko kutafuna ambako si kwa meno wala kwa uvivu. Mbwa aliyekuwa mpole akianza ghafula kuuma vijiti, mawe na udongo, akitokwa na mate mengi, sauti yake ikigeuka, akitembea ovyo au akiuma bila sababu, jihadharini: huenda ni kichaa cha mbwa. Wengine hawana ukali, wanapooza tu taya na kushindwa kumeza, na mwenye mbwa hudhani mfupa umekwama kooni. Usitie mkono mdomoni mwake. Mwite mganga wa wanyama, na watu wakae mbali.

Mtu akiumwa, au mate yakigusa kidonda chake, aoshe mahali hapo mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa huu ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, huua karibu kila mara. Lakini ukizuiwa mapema kwa chanjo, mtu hupona. Chanjo hiyo ilianza Paris tarehe 6 Julai 1885, siku Louis Pasteur alipompatia mtoto mmoja aliyeumwa na mbwa, naye akaishi. Mbwa wako achanjwe akiwa na miezi mitatu, tena baada ya mwaka, na kisha kama atakavyosema mganga.

Vitu vya machimbo

Neno moja kwa wenye ndugu machimboni. Betri za tochi, mbwa akizitoboa, humchoma mdomo na tumbo. Waya mwembamba hukata matumbo. Na zebaki, ile dawa ya kushikia dhahabu, isiletwe nyumbani kabisa, wala isichomwe jikoni: moshi wake ni sumu kwa mama na watoto kabla hata hatujamfikiria mbwa anayelamba karai. Ukipita karibu na mashimo ya zamani, mshike kijibwa kwa kamba.

Mbwa akifika mwaka mmoja

Meno yote yakiisha kutoka, kutafuna kutapungua, lakini hakutakoma siku moja. Anza kumpeleka shambani akiwa na miezi mitano, muda mfupi, ukiwa naye. Asiachwe kupambana na nyani mpaka amekomaa. Nyani dume ana chonge ndefu na humpasua mbwa mchanga. Umfunge kengele, umwite mara kwa mara, na kila akija apate kitu kidogo.

Kama mwaka umekwisha na bado anaharibu kila kitu, tazama tena chakula chake, minyoo yake, na saa anazofungwa. Kama hayo yote ni mema, huenda ni mbwa anayetaka kazi kubwa kuliko ile uliyo nayo. Mpe mtu mwenye shamba la mbali au mwindaji. Umpe pamoja na mwanzi wake na fundo lake la gunia, na umwambie mwenyewe mpya jina la mbwa na lile neno unalotumia kumkataza.